Jinsi ya kuuona ukanda wa Caspary kwa wembe na hadubini ya shule: mwongozo kamili kwa walimu na wanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini

Muulize mwanafunzi wa kidato cha sita maji yanaingiaje kwenye mzizi. Atakujibu bila kusita: yanapita kwenye kuta za seli za koteksi, tishu iliyo kati ya ngozi ya mzizi na silinda yake ya kati, mpaka endodemi, hapo ukanda wa Caspary unayazuia, ndipo yanalazimika kuvuka utando wa seli. Jibu ni sahihi na alama atapewa. Lakini wengi wanaolitoa hawajauona ukanda wenyewe. Wameunakili kutoka ubaoni, na mara nyingi wameunakili ukiwa mahali pasipo pake. Jambo hili linaniuma, kwa sababu haragwe na hindi havikosekani stoo yoyote kuanzia Tukuyu hadi Mafinga, na vifaa vingi vinavyohitajika tayari viko maabara.

Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio wa kazi yenyewe: kuotesha, kukata, kutia rangi, kusoma unachokiona. Baada ya hapo unaingia kwenye swali ambalo darasani hatulifikii mara nyingi: seli inajuaje kwamba lignini, dutu ngumu inayoujenga ukanda huo, iwekwe hapo tu, na si sehemu nyingine ya ukuta wake?

Unatafuta nini

Ukanda huu umepewa jina la Robert Caspary, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1865. Upo kwenye endodemi, safu moja ya seli inayozunguka silinda ya kati yenye zailemu, mirija inayopandisha maji, na floemu, inayosafirisha chakula. Kosa la kwenye michoro ni kuuzungusha nje ya endodemi yote. Haupo huko. Kila seli ya endodemi ina ukanda wake, kwenye kuta za ubavuni na zile za juu na chini, yaani pale seli inapogusana na mwenzake wa safu ileile. Ukuta unaotazama koteksi hauna ukanda, na unaotazama zailemu hauna.

Kwa hiyo ukikata mzizi kwa upana, usitarajie kuona duara lililochorwa. Utaona nukta au kistari kifupi kati ya kila seli mbili za endodemi, na nukta hizo zikifuatana ndizo zinazojipanga kuzunguka silinda ya kati. Waeleze wanafunzi hili kabla hawajainamia hadubini. Asiyejua kwamba anatafuta nukta atazipita.

Kuotesha mizizi

Tumia haragwe na hindi kwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja una faida yake. Mzizi wa haragwe una muundo rahisi kusoma. Wa hindi ni mnene, unashikika vizuri wakati wa kukata, na mirija yake ya zailemu ni mikubwa kiasi kwamba mwanafunzi anajua mara moja katikati ni wapi.

Usichukue mbegu za pakiti zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi au ya kijani. Dawa hiyo ni sumu kwa mikono ya watoto, na rangi yake itachafua unachotaka kukiona. Nunua mahindi na maharage ya chakula, Mwanjelwa au soko lolote la jirani. Chagua punje nzima zisizotobolewa na wadudu, zioshe, kisha ziloweke usiku mmoja.

Kata sehemu ya juu ya chupa ya maji ya lita moja na nusu. Zungushia ndani yake kitambaa cha pamba kilicholowa, halafu penyeza mbegu kati ya kitambaa na ukuta wa chupa, karibu na juu, ili mzizi uwe na nafasi ya kushuka. Chini weka maji ya sentimita mbili tu. Kitambaa kitayavuta, na mizizi itakua kwenye hewa yenye unyevu badala ya kuogelea. Funika chupa kwa gazeti mwanga usiingie.

Mwezi wa 6 na wa 7 kwetu ni baridi, na Makete au Njombe ni zaidi. Mbegu zitachelewa. Ziweke jikoni au chumba chenye joto usiku, na uhesabu wiki moja hadi siku kumi. Unataka mizizi ya sentimita nane au zaidi, ikiwa bado myeupe na haijatoa matawi mengi ya pembeni.

Ukipenda mzizi wa tatu, kitunguu maji ni kizuri. Kiegemeze mdomoni mwa glasi, kitako kikigusa maji kidogo, nacho kitatoa mizizi mingi iliyonyooka.

Mahali pa kukata

Nchani mwa mzizi hakuna ukanda. Seli za huko bado zinagawanyika na kurefuka, na seli inayorefuka haiwezi kuvaa ukanda mgumu. Ukanda huanza nyuma ya eneo la kurefuka, na umbali wake kutoka nchani hubadilika: mzizi unaokua haraka huwa nao mbali zaidi, unaokua polepole huwa nao karibu. Kwa hiyo usikate sehemu moja na kuridhika. Weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye sentimita 1, 3 na 6 kutoka nchani, na ukate vipande kwenye alama zote tatu. Hapo wanafunzi wataona ukanda ukitokea kadiri seli zinavyokomaa, na hilo lina maana kubwa kuliko picha moja nzuri.

Kukata: hapa ndipo kazi ilipo

Maabara nyingi hukwama kwenye hatua hii, kisha lawama hupewa hadubini. Kipande kikiwa kinene, hata hadubini ya bei mbaya haitakusaidia.

Tafuta karoti. Katakata vipande vya urefu wa sentimita tatu, pasua kila kimoja kwa urefu hadi karibu na mwisho, na uweke mzizi katikati ya mpasuko ukiwa wima. Kiazi mviringo nacho kinafaa, ila wanga wake humwagika na kutia ukungu kwenye maji. Shika karoti kwa kidole gumba na vidole viwili vya mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa chini ya usawa wa wembe. Wembe uwe mpya. Kwa darasa zima, vunja kila wembe vipande viwili ukiwa bado ndani ya karatasi yake, na umpe kila mwanafunzi nusu.

Lowesha wembe na sehemu ya juu ya karoti. Vuta wembe kuja kwako kwa mlalo, kwa mwendo mmoja mrefu, ukiuacha uzito wa wembe ufanye kazi. Usisukume na usikate kwa kwenda na kurudi kama msumeno, maana seli zitachanika. Kata kumi, ishirini, thelathini mfululizo bila kusimama kukagua. Zoa vipande kwa brashi ndogo ya rangi na uviangushe kwenye kisosi chenye maji. Chini ya kisosi weka karatasi nyeusi.

Sasa chagua. Kipande kinachofaa karibu hakionekani. Kinapitisha mwanga na kinaelea kama hakipo. Kipande cheupe kama maziwa ni kinene, kiache. Kipande chenye umbo la kabari, upande mmoja mwembamba na mwingine mnene, usikitupe: ukingo wake mwembamba mara nyingi ndio bora kuliko vyote.

Kutia rangi

Lignini ndiyo unayoisaka, na rangi yake ya kawaida ni floroglusinoli pamoja na asidi ya haidrokloriki. Yeyusha gramu 2 za floroglusinoli kwenye mililita 100 za ethanoli ya asilimia 95. Weka kipande kwenye slaidi, ongeza matone mawili ya myeyusho huo, subiri dakika mbili tatu, kisha tone moja la asidi iliyokolea. Funika kwa kioo chembamba na ufyonze kinachomwagika pembeni kwa karatasi. Kuta zenye lignini zitageuka nyekundu au waridi iliyoiva ndani ya dakika chache. Zailemu itawaka kwanza. Ikigeuka nyekundu ujue rangi yako inafanya kazi. Ukanda wa Caspary una lignini kidogo, hivyo wekundu wake ni hafifu na unataka subira.

Asidi hii inatoa mvuke unaochoma pua na kula chuma cha hadubini. Itie karibu na dirisha lililo wazi, mwalimu mwenyewe ashike kitonea, miwani ya kinga ivaliwe, na slaidi isiyo na kioo cha juu isiwekwe chini ya lenzi kamwe. Rangi hii hufifia baada ya muda, kwa hiyo piga picha mapema: weka kamera ya simu kwenye tundu la kutazamia, sogeza taratibu mpaka duara la mwanga lijae, ndipo upige.

Kama floroglusinoli haipo, tumia toluidini bluu ya asilimia 0.05 kwenye maji, bila asidi yoyote. Kitumbukize kipande kwa dakika moja, kisuuze, kitazame. Kuta zenye lignini huonekana bluu ya kijani, na kuta za kawaida zenye pektini huwa zambarau. Kwa darasa kubwa la vijana wasiozoea maabara, mimi ningechagua hii hata kama asidi ipo.

Sudani III, ambayo shule nyingi wanayo kwa ajili ya kupima mafuta kwenye chakula, inaonyesha kitu kingine: suberini. Hii ni dutu yenye asili ya mafuta inayofunika ukuta mzima wa seli ya endodemi baadaye, mzizi unapokomaa. Acha vipande vya sentimita 6 na kuendelea ndani ya Sudani iliyoyeyushwa kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa nusu saa, mbali na moto wowote, visuuze haraka kwa ethanoli ya asilimia 50, na uviweke kwenye tone la glisarini. Glisarini inapatikana duka la dawa. Usichanganye majibu mawili haya. Utafiti uliofanywa kwenye Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, na kutolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ukanda wa mwanzo unajengwa kwa lignini na hauhitaji suberini ili uzuie. Mwanafunzi anayeandika kwamba ukanda ni wa suberini tu anafuata maelezo ya zamani.

Kusoma unachokiona

Anza na lenzi ya 4, weka silinda ya kati katikati, panda hadi 10, kisha 40. Punguza mwanga kwa kufunga kiwambo kidogo, kwa sababu mwanga mwingi unafuta mistari hafifu. Kama hadubini yako ni ya kioo cha kuakisi, kielekeze kwenye anga jeupe au ukuta mweupe wa nje. Kuelekeza jua lenyewe kunaharibu jicho.

Tafuta zailemu, kisha rudi nje polepole. Seli za koteksi ni kubwa, za mviringo, zenye nafasi za hewa kati yake. Safu ya mwisho ya ndani ni tofauti: seli zimebanana bila nafasi yoyote. Hiyo ndiyo endodemi. Sogeza skrubu ndogo ya kulenga mbele na nyuma kidogo kidogo huku ukitazama ukuta kati ya seli mbili. Nukta nyekundu itajitokeza na kupotea.

Kwenye mzizi wa hindi uliokomaa, endodemi itaonekana imenenepa upande wa ndani na ubavuni, umbo la herufi U. Hiyo ni hatua ya baadaye, si ukanda. Na usishangae ukiona wekundu chini kidogo ya ngozi ya nje ya hindi: kuna safu nyingine huko, eksodemi, nayo inaweza kuwa na ukanda wake. Inajitokeza zaidi kwa mizizi iliyokua kwenye hewa yenye unyevu kuliko iliyokua ndani ya maji. Hapa kuna jaribio zuri la vikundi: kundi moja lioteshe kwa kitambaa, jingine liache mizizi ya hindi majini, kisha walinganishe.

Kuthibitisha kwamba kizuizi kinazuia

Kuona nukta ni jambo moja. Kuonyesha kazi yake ni jingine. Chukua miche ya mahindi yenye jani la kwanza. Nusu yake iache na mizizi mizima. Nusu nyingine ikate nchani sentimita mbili kwa wembe, ndani ya maji ili hewa isiingie. Yote itumbukize kwenye maji yenye rangi ya chakula iliyokolea, nyekundu au bluu, sehemu yenye mwanga na upepo kidogo, kwa saa tatu nne. Ioshe, ifute, na ukate mashina kwa upana.

Kwenye mche uliokatwa mzizi, rangi imepata njia ya moja kwa moja kwenye zailemu na imepanda. Kwenye mzizi mzima, rangi imejaa koteksi na imepita kidogo sana au haikupita. Ikiwa imepita kidogo, chunguza mahali matawi ya pembeni yanapochomoza. Tawi la mzizi huanzia ndani na hupasua endodemi linapotoka, na kwa muda hapo panavuja. Matokeo hayo si uchafu wa jaribio. Yajadili.

Seli inajuaje pa kujenga

Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, wakiongozwa na Niko Geldner, walitangaza familia ya protini za utando waliyoiita CASP. Kila moja inapita ndani ya utando wa seli mara nne. Kwenye Arabidopsis walieleza tano, CASP1 hadi CASP5. Seli ya endodemi inapoanza kuzitengeneza, zinasambaa utando mzima. Muda mfupi baadaye zinaondoka kwingine kote na kubaki kwenye mstari mmoja katikati ya ubavu wa seli, kwanza kama visiwa vilivyotengana, kisha visiwa hivyo vinaungana hadi kuwa mstari usiokatika. Ukuta ulio mkabala na mstari huo ndio unaopata lignini.

Yaani utando unatangulia, ukuta unafuata. Fundi wa linta hufunga mbao kwanza, ndipo amimine zege. CASP ndizo mbao hizo. Zikishajipanga, zinakusanya watendaji mahali pamoja. Protini RBOHF iliyo kwenye utando inaanzisha utengenezaji wa haidrojeni peroksaidi. Kimeng'enya PER64 kinaitumia peroksaidi hiyo kuunganisha molekuli ndogo ziwe lignini. Protini ESB1 nayo inahitajika ili ukanda ukae vizuri. Malighafi ya lignini ingeweza kuganda popote ukutani, lakini kwa kuwa mashine zote zimefungwa kwenye mstari mmoja, inaganda hapo. Mmea ukikosa CASP1 na CASP3 kwa pamoja, lignini inawekwa ovyo, na ukanda hauungani.

Utando wenyewe nao unashikana na ukuta kwa nguvu kwenye mstari huo. Ukiweka kipande kibichi, kisichotiwa asidi, kwenye maji ya sukari ya asilimia 25 hivi, seli zinanywea na utando unajitenga na kuta, lakini kwenye endodemi unabaki umeng'ang'ania ubavuni palipo na ukanda. Ni kazi ngumu kwa hadubini ya shule. Mpe mwanafunzi mwenye mkono mtulivu ajaribu kwa mzizi wa kitunguu.

Sehemu inayonisisimua zaidi ilitangazwa mwaka 2017 na makundi mawili tofauti. Silinda ya kati inatengeneza peptaidi ndogo, yaani vipande vifupi vya protini, CIF1 na CIF2, zinazovuja kuelekea nje. Seli za endodemi zina kipokezi, SGN3, kinachozinasa. Maadamu ukanda una mwanya, peptaidi zinapita, kipokezi kinazisikia, na seli inaendelea kujenga. Ukanda ukishafunga kabisa, peptaidi hazipiti tena na ujenzi unakoma. Mmea unapima uvujaji wake wenyewe, na dawa ya uvujaji ni lignini zaidi, hata suberini ikibidi.

Yakikwama

Kama zailemu haikugeuka nyekundu, floroglusinoli imechakaa au asidi imepoa nguvu, tengeneza mpya. Kama zailemu ni nyekundu lakini endodemi haina kitu, umekata karibu mno na ncha au kipande ni kinene. Rudi sentimita mbili nyuma na ukate upya. Kama kila kitu ni chekundu, mzizi umekomaa kupita kiasi. Mapovu ya hewa yanayofanana na nukta nyeusi yanatokana na kuangusha kioo cha juu wima. Kishushe kwa kukiinamisha. Mabaki ya asidi yachanganye kwenye ndoo ya maji mengi, utie magadi soda mpaka yaache kutoa povu, ndipo uyamwage.

Darasa likishamudu haragwe na hindi, tafuta mpunga. Mwenye ndugu Mbarali anaweza kuletewa miche michache ya Usangu ikiwa na tope lake. Mzizi wa mpunga una nafasi kubwa za hewa kwenye koteksi, una eksodemi na endodemi, na umechunguzwa sana: mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba mpunga usio na OsCASP1, yaani CASP ya mpunga, unashindwa kujenga ukanda sawasawa, na madini ndani ya mmea yanavurugika. Inajulikana pia kwamba kwenye udongo wa chumvi, sehemu ya sodiamu inayofika majanini mwa mpunga hupenya kwa njia ya pembeni isiyovuka utando wowote. Wape wanafunzi mzizi huo, rangi ya chakula na wembe, na uwaulize njia hiyo ya pembeni ipo wapi.